Niru ya Kibaraza cha Tano

Baba Kulwa,

Shikamoo. Marahaba yako siitegemei tena, ila mdomo wangu bado unanyamaza kidogo baada ya salamu, kuipa nafasi.

Ni mimi Magesa, uliyenifundisha kushika mwiko wa uashi kwa miaka minne. Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Saruji imejaa maduka ya Mabatini hadi inapangwa nje barazani, wala haiulizwi kibali. Ungecheka, wewe uliyewahi kushinda foleni siku mbili kwa mifuko miwili. Magugu maji yameziba ghuba yote chini ya kilima chetu, maji hayaonekani. Na mimi sasa naitwa fundi. Meneja wa kiwanda cha minofu ya samaki amenipa kazi yako. Nimeipokea.

Wiki hii nimekuwa nikiukumbuka ule mwanzo. Meneja alituita kule kilimani, upande wa ziwa, akatuonyesha visahani vyake vya plastiki na makapu ya minyororo. Akaeleza kwamba yeye na wageni wenzake watakuwa wakivirusha visahani hadi viingie kapuni, na kwa kila kapu panatakiwa kibaraza cha kusimama mrushaji. Vibaraza tisa. Ulimsikiliza kwa heshima zote, halafu ukaninong'oneza, "Magesa, mtu akishiba samaki anatafuta sahani ya kutupa." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini kazi yenyewe uliichukulia kwa uzito kuliko hata nyumba ya padri. Tulishindilia udongo wa moramu, mvua moja tu ikachimba shimo palepale mguu unapozungukia. Tukaweka mbao, mchwa wakashukuru. Tukatandika mikanda ya mpira iliyotupwa na kiwanda. Asubuhi haikuwepo, na baada ya wiki nusu ya Kirumba ilikuwa imevaa katambuga mpya. Ndipo ukasema zege. Cha kwanza kilipokauka ulikimwagia ndoo ya maji, ukavua viatu, ukazunguka kwa kisigino na kurusha kifuniko cha sufuria ya Mama Kulwa, mzee mzima na kitambi chako. Hukuteleza. Kifuniko kilipotelea huko mawe yanakoishia, na mama alituuliza habari zake mwezi mzima.

"Hivi tunaacha rafu," ulikuwa ukisema, na kila kimoja ulikipitishia fagio gumu kikiwa kibichi.

Sasa nisikilize. Uliponiachia kile cha tano peke yangu, cha ukingoni juu ya mawe, uliniambia neno hilohilo: "Kiache rafu." Na mimi, Baba Kulwa, miaka yote minne nimelijua neno hilo kwa maana moja. Rafu kwanza, niru ya kung'arisha baadaye. Katika kila nyumba tuliyojenga Kiseke, rafu ilikuwa sakafu ambayo haijaisha, na mistari ya fagio ilikuwa ya kuishikia niru. Hata ile ndoo yako ya maji nilidhani unatazama kama yanatuama. Nikasema, vile vinne vinangoja niru; acha nimpunguzie mzee kazi. Jumamosi wewe ukiwa mazoezi ya kwaya, nikachekecha saruji, nikakoroga uji mzito, nikakisugua kibaraza kwa mwiko mpaka kikang'aa kama sahani ya harusi. Nilitaka Jumatatu ukikikuta useme, "Huyu sasa ameiva."

Jumatatu mvua ilinyesha alfajiri. Ukanitangulia. Mimi nilipofika nilikuta kiatu chako kimoja juu ya kibaraza, na wewe uko chini kwenye mawe.

Sikusema. Siku ya mazishi waliuliza nani alipiga niru pale, nami nilikuwa nimeshika jeneza lako, nikatazama chini. Basi wakajijibu wenyewe. Sasa pale sokoni Mwaloni wanasema, Mama Kulwa akiwa amesimama palepale ananunua dagaa, kwamba fundi ameuawa na sifa zake, ametelezea niru yake mwenyewe. Mama analipia dagaa wake. Anarudi nyumbani, ananipakulia ugali, ananiita mwanangu. Nami naula! Nakichukia kile kinywa changu kinavyotafuna.

Ubaya zaidi, meneja anakipenda. Juzi aliinama akakipapasa, akasema, "Fundi, hiki safi sana. Vingine vyote fanya kama hiki." Nikajibu ndiyo. Sijui kwa nini nilijibu ndiyo. Tangu hapo nakwenda kukitazama kila asubuhi, na hakinipi amani. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanafia juu yake, wanaoza, kinakuwa na utelezi hata kabla ya mvua. Jana mama mmoja anayefagia kule alikikanyaga, akaangukia goti. "Kheee! Mmepaka sabuni hapa?" akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Aliangukia upande wa kilimani. Upande wa pili ungalimpeleka ulikokwenda wewe.

Na leo mchana meneja anawaleta wanawe wawili wakajaribu kurusha. Nilikuwa nimejipangia: leo nikuandikie wewe kukuomba radhi, Jumapili nimwone Mama, Jumatatu nimwone meneja. Mwoga hakosi ratiba. Lakini wakati naandika mstari huu nasikia matone kwenye bati.

Baba Kulwa, sitamaliza vizuri, unisamehe na kwa hilo. Nyundo na tindo nimeshaziweka mlangoni. Nakwenda kukitindua chote, meneja akitazama, na akiuliza nitamwambia kwamba niru hii ni yangu, wewe ulikataza, na ndiyo iliyokuua. Kazi aichukue. Jioni nitamwambia Mama Kulwa kabla hajapakua, maana ugali wake siwezi tena kuula kwa uongo. Akinifungia mlango nitaelewa. Nakuahidi hili: kesho pale Mwaloni, atakayeitaja ile niru ataitaja kwa jina langu.

Pumzika, fundi wangu. Kwaheri. Mvua imekolea, na wale watoto hawajui kutembea, wanakimbia.

Magesa