Baba, Sikulia Msibani Kwako

Mpendwa Baba,

Unanijua, mimi kupamba maneno sijui, kwa hiyo habari yenyewe naisema kwanza: mwanao ana moyo. Imethibitika mbele ya ukoo mzima, na nimeona nisikuache ukasikie kwa wengine.

Unakumbuka Igowole, miaka ile ya sabini, wageni walipokuja nyumbani? Mama alinisukuma nikasalimie. Nilipiga goti, nikasema "Kamwene", macho nimeyakaza kwenye miguu ya mgeni. Mpaka leo naweza kukueleza vidole vya nusu ya kijiji. Wageni walifurahi sana. "Huyu binti ana adabu! Hamtazami mkubwa usoni." Mama akavimba kichwa, na dada zangu waliozoea kucheka na wageni wakagombezwa waige kwangu. Baba, haikuwa adabu. Nyuso za watu zilinichosha kama mzigo wa kuni mlimani, nami nilikimbilia chini nipumzike. Lakini kwetu binti anayetazama chini ni binti aliyefundwa, basi nikasifiwa bure na hakuna aliyeuliza kitu.

Wewe peke yako uliona. Mwaka tuliohamia kijiji kipya nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu walinung'unika siku mbili tatu wakazoea. Mimi niligoma kuingia kwenye nyumba mpya. Nilikaa nje kutwa, manyunyu ya Mufindi yakininyeshea, hata ugali nikaukataa. Shangazi Foibe, dada yako, akashauri fimbo. Wewe ulishika njia. Ulirudi kwa miguu hadi nyumba yetu ya zamani, ukang'oa mlango, ukaubeba kichwani, ukaja kuufunga kwenye nyumba mpya. Vigoda na mitungi ukavipanga kama vilivyokuwa kule. Kisha ukaniita, "Njoo ufungue." Nikafungua, nikaingia, nikala. Watu walikucheka wiki nzima kwamba wenzako wamehama na mbuzi, wewe umehama na mlango.

Halafu ukafariki, mimi nikiwa mtu mzima tayari. Matanga ya kwetu unayajua: mwanamke hulia kwa sauti mpaka majirani wa mbali wasikie. Mimi nilikauka. Vilio vilinipasua masikio, na machozi hayakuja. Nikaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Niliyaosha siku tatu, nikapanga na sahani za waombolezaji, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Shangazi Foibe akanikuta huko na kusema mbele ya wanawake wote, "Baba yake yuko kaburini, yeye anasugua sufuria. Huyu hana moyo."

Neno hilo nilikaa nalo miaka thelathini, Baba. Niliolewa nalo Mbeya. Nilikwenda nalo kazini masjala, ambako wakubwa walisema najisikia kwa sababu siwatazami usoni. Macho yaliyosifiwa Igowole yakawa jeuri mjini. Kibaya zaidi, mwenyewe nililiamini. Nilipomnyonyesha binti yangu nilijiuliza kama nampenda au naigiza tu.

Kisha akaja Neema, mjukuu wangu. Daktari akatuambia ana usonji, kwamba ubongo wake umeumbwa kwa namna yake na si ugonjwa wala laana. Akawa anaeleza dalili moja moja. Binti yangu akageuka kunitazama. Mimi nikatazama sakafu. Tukacheka wote, daktari naye akacheka, na baada ya siku kadhaa za vipimo na maswali nami nikaambiwa nina usonji kama mjukuu wangu, nikiwa naukaribia mwaka wa sitini. Nilifurahi wiki moja. Baada ya hapo nilikasirika miezi mitano.

Aliyenitoa humo ni mshauri nasaha anayeitwa Tumaini, mdogo kuliko binti yangu. Siku ya kwanza aligeuza viti vyote viwili vikaelekea dirishani, tukazungumza tukitazama mlima. Hakutaka kuninyoosha. Siku moja aliniuliza, "Mama, pale msibani, kwa nini masufuria?" Nikafikiri wiki mbili. Nikarudi na jibu: wewe hukuvumilia mgeni wako apewe chombo kichafu, na wale walikuwa wageni wako wa mwisho. Tumaini akasema, "Hayo si mapenzi, Mama?" Nikalia papo hapo, kwa sauti, nimechelewa miaka thelathini.

Sasa kila Jumamosi tunakutana watu saba, wote tumegundulika na usonji ukubwani. Dereva mmoja wa lori kutoka Makongolosi alikaa miezi miwili bila kufungua kinywa. Siku aliyofungua, alitueleza injini saa nzima, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza tulimpigia makofi.

Mwezi uliopita ukoo ulikusanyika kujengea kaburi lako. Nikaomba nafasi kwenye kikao palepale makaburini. Nilisimama, nikasema nikiwa nimetazama majani, nikawaeleza yote, hadi masufuria. Shangazi Foibe haoni vizuri siku hizi. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akasema:

"Mama yetu alipokufa, kaka yangu hakulia. Alipasua kuni za msiba siku mbili, mpini wa shoka ukavunjika, akachonga mwingine, akaendelea. Sisi tukamsifu, mwanaume amejikaza. Huyu naye kafanya yaleyale, mimi nikamtukana." Akanyoosha mkono kunitafuta. "Nisamehe, mwanangu. Siku ile sisi sote tulilia kama watu. Wewe ulimlilia kama yeye."

Wanawake wakapiga vigelegele makaburini, mchungaji akabaki kakodoa macho. Nilitamani ungekuwepo, Baba, ingawa kwa kelele zile ungekimbia, na mimi ningekufuata.

Nina furaha isiyo na kifani. Miaka yote hiyo nilitafuta nani kaninyima moyo, kumbe ninao, na ni wa kwako. Pumzika, Baba. Wageni wako wote walikula kwenye vyombo safi.

Ni mimi,
binti yako, wako kabisa