Sauti ya Mama Maktabani

Chinongwe, Ruangwa

Mdogo wangu Harithi,

Huku tu wazima, mikorosho imechanua vizuri. Ile kaseti ya nyimbo za unyago iliyoota ukungu nimeipeleka Nachingwea. Maktaba ya huko inakusanya nyimbo, picha na karatasi za zamani za kwetu, zisipotee. Dada mmoja wa pale, Yasmini, akausafisha mkanda taratibu mpaka ukazunguka. Kabla ya kuuwasha akawatoa wanaume wote nje, hata mkuu wake, maana nyimbo zile si za kusikiwa na wanaume. Nilicheka.

Nilikwenda na mama. Sikukwambia kwenye simu: tangu apate kiharusi hasemi, wala hatutambui.

Mara sauti yake ya ujana ikajaa chumbani, inaimba Kimwera. Sikujua sauti ya mtu inaweza kungoja miaka yote hiyo. Katikati ya wimbo mtoto akalia. Ulikuwa wewe, mgongoni kwake.

Mama, pale kitini kwake, akainama kidogo, akapeleka mkono nyuma, akaanza kukubembeleza.

Mpaka leo anapapasa mgongoni, anakutafuta. Njoo.

Dada yako,
Saada