Msalaba wa Ukindu

Mashariki mwa Hungaria,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Salamu hii naiandika nikiwa nimesimama, kwa kuwa hukutuzoesha kukuamkia tukiwa tumeketi. Nauliza hali ya goti lako la kushoto, na iwapo mvua za Maguu zimekuachia upenyo wa kupalilia mahindi. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara nne kukueleza jambo hili, na mara zote nne nimeishia kukuuliza bei ya kahawa. Mwenzangu anayerudi Songea ameahidi kukufikishia.

Mimi mwili unaendelea. Baridi ya huku inauma masikio, na theluji ambayo nikiwa shuleni nilizitamani picha zake, sasa naikwangua asubuhi kwenye ngazi za bweni zamu yangu inapofika. Masomo ya udongo yanakwenda vizuri. Profesa wangu aliisoma kazi yangu kuhusu ngoro, vishimo vyetu vya kulimia mteremkoni, mbele ya wenzake, akaisifu. Zamani sentensi hiyo ndiyo ingekuwa kiini cha barua nzima. Leo nimeiandika ili usiwe na shaka tu, kisha tuiache.

Baba, ujumbe wako nimeupata. Unasema mchanga na saruji viko tayari, fundi amekwisha kuutengeneza msalaba wa kaburi la Mama, na desturi yataka mtoto wa kwanza ndiye ausimamishe. Unauliza kama unisubiri mimi au umpe binamu yangu, kwa maana Shangazi amekataa katakata mdogo wangu Hyasinta asiuguse. Anasema Hyasinta, tangu aolewe Mbinga mjini na kuanza kusali na walokole, ndiye aliyemgeuza Mama moyo. Ushahidi wake ni kwamba mwaka wake wa mwisho Mama hakuchomeka msalaba wa ukindu shambani, yeye ambaye hakuukosa hata mwaka mmoja tangu alipokuja kwako kama mke. Na wewe umemalizia kwa kuandika, “Hata mimi sijui kilichomsibu.”

Mimi najua.

Utalikumbuka juma lile baada ya Pasaka, walipokuja wageni watatu wa mradi wa kilimo kuziangalia ngoro zetu. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye kikao cha ushirika. Nilivaa shati jeupe na viatu vya mahafali, nikasimama nao kwenye mteremko uliolowa, nikiwaeleza jinsi vishimo vile vinavyouzuia udongo usishuke bondeni. Mama alikuwa hatua chache chini yetu, akipanda maharage. Nilikuwa nimewaambia kwamba shamba ni la familia yangu. Sikuwa nimewaambia kwamba yule ni mama yangu. Nilikuwa nangoja wakati mzuri, na wakati mzuri haukuja.

Mmoja wao akauona ule msalaba mdogo kwenye ukingo wa ngoro ya juu kabisa. Akacheka, akauliza kama ni dawa ya kukamatia wezi. Mwenzake akasema hapana, hiyo itakuwa ya kuita mvua. Wakanigeukia mimi, msomi wao. Nilijua vizuri kwamba ukindu ule Mjomba aliutuma kutoka ziwani pamoja na dagaa wa usipa, ukabarikiwa Jumapili ya Matawi, kisha ukasukwa jikoni kwetu. Nikajibu, “Sijui ni wa nani. Wazee wa huku wana mambo yao.” Halafu, ili nisiulizwe tena, nikaung’oa nikautupa shimoni.

Mama alisikia. Hakuinua kichwa. Wageni walipoondoka akashuka kwenye shimo lile, akauokota, akaufuta tope kwa kitenge chake. Nikaanza kumhutubia, Baba. Nilimweleza kwamba alama ni mambo ya nje, kwamba Mungu hasomi majani, kwamba mbele ya watu wenye nafasi za masomo yatupasa tuonekane watu wa sayansi. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia.

“Ungewaambia ni wa mama yako, baba,” akasema. “Wasingenila.”

 Akauzungusha ule ukindu vidoleni, kisha akaendelea, “Wewe una vyeti vyako, ukifika mahali unavitoa. Mimi kusoma sijui. Nikiuchomeka huu, ndiyo nimemwandikia Mungu kwamba shamba hili na wanaolila ni wake. Lakini kama unakuaibisha, nitaacha.”

Na akaacha. Mwaka uliofuata, mimi nikiwa tayari huku kwa nafasi ile ile ya masomo niliyoipata kwa wageni wale, Hyasinta alipanda kutoka Mbinga kwenda kumsukia, kama alivyofanya kila mwaka tangu mikono ya Mama ilipoanza kutetemeka. Ndiyo, Baba, Hyasinta. Kanisa lake halina desturi hiyo, na wenzake walimteta. Hata hivyo aliketi jikoni na kusuka. Safari hiyo Mama akamwambia, “Weka tu, mwanangu. Kaka yako hapendi.” Hyasinta akanipigia simu kuniuliza nilikuwa nimesema nini. Nikamjibu kwamba nina mtihani. Lawama ya Shangazi ameibeba tangu mazishi bila kunitaja.

Nina jingine. Mama alipofariki nilikuambia kwamba nimezuiwa kusafiri. Hiyo ni nusu ya kweli. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinahuishwa, nikaambiwa kwamba nikiondoka kabla hakijatoka huenda nisiruhusiwe kurudi. Hakuna aliyenizuia. Nilichagua. Mazishi niliyatazama kwenye simu, na jeneza lilipokuwa linashushwa mtandao ulikatika, picha ikaganda kwenye mgongo wa mtu nisiyemfahamu.

Siku nilipousoma ujumbe wako nilitoka kwenda kutafuta mahali pa kupiga magoti. Kanisa lililo karibu ni la Waprotestanti wa hapa. Kuta zake ni nyeupe tupu. Hakuna msalaba, hakuna sanamu, hata mshumaa wa kuwasha hakuna. Ndilo kanisa lisilo na alama nililomhubiria Mama pale shambani, hivyo nilistahili kujisikia nimefika kwangu. Nilisimama nisijue macho niyaweke wapi, nikalia mpaka mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia akaacha ufagio. Kwa maneno machache tunayoelewana nikamwuliza msalaba uko wapi. Akasema wao hawauweki. Kisha akanishika mkono, akanitoa nje, akanionyesha juu ya mnara. Kuna jogoo wa shaba.

“Petro,” akasema. “Alisema hamjui Yesu, jogoo akawika. Tumemweka jogoo juu ili asiwepo wa kujiona bora.”

Basi hata hawa wasiotaka alama wamebakiza moja, nayo ndiyo iliyonipata. Umenisomesha, Baba, uniruhusu niseme nilichojifunza bila kitabu. Watu waweza kubishana maisha yao yote kama alama zina maana au hazina, na kila upande ukapata hoja zake. Ukindu ule haukuwa hoja. Ulikuwa mkono wa Mama ukimshika Mungu, na mimi niliubandua ili watu watatu wasinicheke.

Kwa hiyo nakuomba usinisubiri. Msalaba mpe Hyasinta. Kabla ya hapo uisome barua hii kwa sauti mbele ya Shangazi, wala usiruke mahali popote, hata pale kwenye kibali. Ukiona ni vyema kutopokea salamu zangu kwa muda, sitalalamika. Lakini yeye asizuiwe kwenye kaburi la mama yake kwa kosa langu.

Mpe Shangazi shikamoo yangu, umwambie simchukii; alikuwa akimlinda Mama, ila alikosea mtu. Mjomba wa ziwani umfikishie heshima zangu, pamoja na katekista wetu aliyenifundisha kufanya ishara ya msalaba. Kwa Hyasinta situmi salamu kupitia kwa mtu. Barua yake imo humu ndani, nimeifunga.

Siku ya kuusimamisha msalaba, usinipigie simu ya picha. Hyasinta akipenda, atanisimulia mwenyewe ulivyosimama. Asipopenda, nitakaa bila kujua.

Mwanao,
Oswin