Kipimo Kisicho cha Lazima

Alhamisi jioni, Mapinga. Upepo wa kusi, mawingu mepesi. Koo bado linawasha.

Abiria wa meli ya kitalii itakayoondoka Dar es Salaam Jumamosi hawalazimiki kupima Uviko. Anayejisikia vizuri anapanda. Mwenye dalili anaombwa ajipime kwanza. Hayo amenieleza Rehema, ofisa wa wakala aliyetuuzia safari, kwa simu leo saa tatu asubuhi. Nilimwomba arudie, akarudia bila kubadilisha neno.

"Kwani una dalili, baba?" akaniuliza.

"Nauliza tu," nikasema.

Kazi yangu kwa karibu miaka thelathini imekuwa kuwauliza watu maswali. Mtu akiniambia "nauliza tu", huwa naweka alama pembeni ya daftari.

Safari yenyewe si yangu. Ni ya dada yangu mkubwa, Hawa, anayeishi Bagamoyo katika nyumba aliyotuachia mama. Binti yake Zuhura, anayefanya kazi Muscat, amemlipia siku tano baharini: Unguja, Pemba, Mombasa na kurudi. Dada amekaribia miaka sabini na hajawahi kulala mahali ambapo hakuna ndugu wa kumpokea. Ameshona magauni manne kwa siku tano. Sharti lake lilikuwa moja: niende naye, tulale chumba kimoja, kwa sababu anaogopa ngazi ya kupandia melini na kwa sababu ana pumu.

Chumba chenyewe, kwa picha tulizotumiwa, kina vitanda viwili na katikati nafasi ya kupitisha mtu mmoja. Dirisha ni la duara na halifunguki.

Koo langu lilianza Jumanne.

Jumanne hiyohiyo nilisimama kwenye duka la dawa hapa barabarani nikaomba vipimo vya haraka vya Uviko. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani kichwani, aliniangalia kama niliyeomba mkanda wa kaseti.

"Mzee wangu, kwani korona bado ipo?"

"Ndiyo nataka kujua."

Akacheka, akapanda kwenye kigoda, akavichomoa nyuma ya maboksi ya dawa za minyoo. Alikagua tarehe ya mwisho ya matumizi, nami nikaikagua baada yake. Nilichukua viwili.

Vimekaa mezani siku mbili. Nimekula chakula pembeni yake. Nimeandika pembeni yake habari ya kiwanja kimoja cha huku kwetu kilichouzwa kwa watu wawili, na kabla ya kuituma niliwapigia simu watu watano. Kipimo kinachotaka dakika kumi na tano sikukigusa.

Niandike sababu, kwa kuwa sijawahi kuiandika.

Mwanzoni mwa 2021, nikifanya kazi Dar es Salaam, nilitakiwa kwenda Nairobi kwenye mafunzo. Wakati ule msafiri wa kwenda nje alihitaji cheti cha kipimo, na nilikuwa na miadi ya kupimwa siku ya Alhamisi. Jumatano mafunzo yakaahirishwa. Nilikuwa na kikohozi kidogo, koo linalowasha na mwili mzito. Nikaona kwamba cheti hakina kazi tena. Siku ya miadi nikaitumia kwenda Bagamoyo kumwona mama.

Mama alinisikia nikikohoa hata kabla sijavua viatu. Akaagiza nyungu. Majani ya mwarobaini, mchaichai, malimao na tangawizi, sufuria kubwa ikachemka mpaka ukuta wa jikoni ukatoa jasho. Siku zile kila nyumba ilikuwa ikijifukiza. Nikachukua blanketi niingie peke yangu. Mama akasema naye kifua kinambana kidogo tangu asubuhi, lakini akifunikwa peke yake anaogopa giza. Tuingie wote.

Tukaingia wote. Blanketi moja, sufuria moja, paji lake la uso na langu hayako mbali hata kwa upana wa kiganja. Alikuwa akinihimiza nivute pumzi nyingi. Nilikohoa mle ndani. Dakika kumi kwa saa yangu.

Jumapili alianza homa. Wiki iliyofuata tulimzika.

Hakupimwa. Hakuna aliyependekeza apimwe, na mimi, niliyekuwa na namba za simu za madaktari wa nusu ya mkoa, sikumpigia hata mmoja kuuliza hilo. Takwimu hazikuwa zikitangazwa, na katika chumba cha habari tulikuwa tumezoea kuzunguka lile neno. Tangazo la kifo niliandika mwenyewe: "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Lilikuwa sahihi. Nimeandika mambo mengi sahihi ya namna hiyo.

Tangu hapo, nikifunua sufuria inayochemka huwa nageuza uso.

Hiyo ndiyo sababu vipimo vimekaa mezani. Nikipima leo kwa koo linalowasha kidogo, nitakuwa nimekiri kwamba hata wakati ule iliwezekana kupima. Kila siku ninayoacha kupima, nabaki mtu ambaye hakujua.

Mchana nilivitia mfukoni nikaendesha gari hadi Bagamoyo, madirisha wazi. Nilijiambia kwamba jambo hili haliwezi kusemwa kwa simu.

Dada alikuwa barazani, gauni la nne magotini, anamalizia upindo kwa mkono. Nilisimama chini, kwenye ngazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umesimama huko kama karani wa sensa? Na hicho kitu usoni?"

"Barakoa. Koo linaniwasha."

"Vumbi la Mapinga hilo. Mnakata viwanja kutwa kucha, koo liache kuwasha?"

"Nataka kupima kabla hatujaondoka."

"Watu wa meli wamesema lazima?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini, bwana mwandishi?" Akakata uzi kwa meno. "Ukionekana unao, wewe huendi. Usipokwenda wewe, mimi siendi. Zuhura nitamwambia nini? Na haya magauni nitamvalia nani, kuku?"

"Sitaki iwe kama ya mama," nikasema.

Hatukuwahi kulisema jambo hilo. Kwenye khitma hatukulisema, wala siku ya kugawana vyombo vyake, wala Idi zote zilizofuata.

Dada aliweka gauni chini. Akashuka mpaka nilipokuwa nimesimama, akashika barakoa yangu, akaivuta chini ya kidevu. "Sema nikuone." Niliipandisha na kurudi nyuma. Alikuwa karibu nami sekunde tatu, labda nne. Naziandika kwa sababu zitahitajika.

"Kama ya mama vipi?"

"Mimi ndiye niliyemletea."

"Nani kasema?"

"Shangazi, siku ya msiba. Alisema watu wa Dar wametuletea."

"Nilikuwepo. Nilimsikia." Alirudi kwenye kiti chake, polepole, akishika ukuta. "Nilimsikia, nikanyamaza."

Katika kazi hii mtu akisema "nikanyamaza", unamwacha aendelee.

"Mimi nilikuwa nakohoa kabla hujaja," akasema. "Nilikwenda harusini Miono, unakumbuka? Nikarudi na kichwa kinagonga. Nilimwambia mama ni mafua. Uji wake nilikuwa nauonja kwa kijiko kilekile, nikimlazimisha ale. Wewe ulikuja umevaa shati la ofisini, unakohoa mbele ya watu wote, basi watu wakakuona wewe. Mimi sikuonwa."

"Ulianza kukohoa siku gani?"

"Unanihoji?"

"Nakuuliza, dada."

"Jumanne. Usiku wa Jumanne."

Mimi nilifika Alhamisi. Mama aliniambia kifua kilimbana tangu asubuhi ya siku hiyo, kabla sijafika. Maneno hayo nimekuwa nayo miaka yote hii na sijawahi kuyasoma. Niliyapitisha kama mtu anavyopitisha sentensi isiyoafiki kichwa cha habari alichokwisha kukiandika.

Kwa hiyo watuhumiwa ni wawili, na kila mmoja alikuwa amekwisha kujihukumu peke yake. Kwa habari ya kiwanja niliwapigia simu watu watano. Kwa kifo cha mama yangu sikumuuliza hata dada, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja.

Sikukasirika. Huenda nikakasirika kesho. Aliniacha nibebe lile neno la shangazi, naye akiliona begani kwangu kila Idi, akinipakulia pilau. Lakini namjua. Kama angefungua mdomo siku ile, sidhani kama angeweza kuendelea kuishi katika nyumba ile.

"Hatutajua ni nani," nikasema.

"Hatutajua," akasema. Kisha: "Leta hivyo vidude vyako."

Tulipima, yeye kiti cha mwisho wa baraza, mimi ngazini. Alilalamika kwamba kijiti kinatafuta ubongo. Akapiga chafya mara tatu, akamtaja Mungu, akaniambia kama wazungu ndio wamevumbua hiki basi wana lao jambo. Niliweka saa ya simu.

Changu kilitoa mistari miwili kabla ya dakika ya tano. Chake kilibaki na mstari mmoja hadi dakika ya kumi na tano. Nilisubiri mpaka ya ishirini, kisha nikamwomba akiinue kwenye mwanga nikione kwa mbali.

"Sasa?" akauliza.

"Mimi siendi."

"Hilo naliona."

Aliokota gauni, akalikunja mara mbili, akalikunjua. Muuza maji alipita na mkokoteni wake, wakasalimiana, akamuulizia mkewe, hajambo, watoto, hawajambo. Mkokoteni ulipofika kwenye kona ndipo akasema, bila kunitazama:

"Hiyo ngazi ya meli. Ina vyuma vya kushikia?"

Nilimpigia Rehema nikaweka sauti ya nje. Nilimwambia kwamba asubuhi sikuwa nauliza tu, na kwamba nimeonekana ninao. Alinipa pole. Ngazi ina vyuma pande zote mbili, akasema, na wazee hushikwa mkono hadi mlangoni mwa vyumba vyao. Chumba atakuwa nacho peke yake.

"Na hao watakaonishika mkono," Dada akapaza sauti, "wana adabu?"

"Wana adabu, mama."

"Maana mimi nina pumu, sina upungufu mwingine."

Rehema alicheka. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, kama Dada na mimi tumekaa karibu. Dada alinitazama. Angeweza kusema hapana na mambo yakaisha. Zile sekunde nne hazikuwa na shahidi mwingine.

"Nilimvuta barakoa," akasema. "Nilikuwa karibu naye. Mwandike hivyo."

Nimerudi Mapinga. Nimefungua madirisha yote, ingawa hapa hakuna wa kumlinda.

Nimejaribu kupima nilichokipata leo. Mistari miwili haithibitishi lolote kuhusu 2021. Mwandishi chipukizi akiniletea ushahidi huo nitamrudisha nao. Lakini koo ni lilelile la wakati ule. Kuwasha kulekule upande wa kushoto, uzito uleule nyuma ya macho. Mwili wangu una maoni yake na hautaki kusahihishwa.

Na kuna hili. Kama ningepima Jumanne, siku vipimo vilipofika mkononi mwangu, ningempigia simu. Angejua akiwa peke yake barazani, na asingekuwa na uso wa mtu wa kuushikia barakoa. Nilichelewa siku mbili kwa sababu ya kosa la zamani, na kuchelewa huko ndiko kosa lenyewe. Safari hii tarehe ninazo, saa ninazo, na siwezi kuziandikia tangazo la maneno mazuri.

Kipimo chake cha leo kinasema habari za leo tu. Kama nimempa, huenda kesho bado kisionyeshe. Ndiyo maana Rehema ameagiza apimwe tena na muuguzi wa meli kabla ya kupanda. Wakimwona anao, watamhamishia safari ya mwezi wa tisa. Nimemwambia Dada abebe dawa yake ya kuvuta mkononi, asiiweke kwenye begi. Akaniambia nisimfundishe pumu yake.

Nilipowasha gari hakuja kunisindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake. Alisimama mlangoni, akanyanyua mkono. Ilikuwa sahihi afanye hivyo. Nilimtazama kwenye kioo hadi kona.

Muuguzi atampima bandarini Jumamosi, saa sita mchana. Majibu hutoka saa sita na robo.