Filamu Isiyo na Ngumi Hata Moja

Khunyangu,
Jumatatu mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa Oundo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shangazi Wilkister. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Osieko, na kwamba kile kikohozi cha moshi wa samaki kimepungua. Sisi hatujambo. Mahindi tumeyavuna, na yule mbuzi mkaidi amezaa mapacha.

Sasa nikueleze habari za ile filamu ambayo marehemu mama aliigiza kabla sijajua kutembea. Uliniambia inahusu kesi ya wakati wa ukoloni, na kwamba mama alikuwa shahidi wa pili. Mimi siikumbuki sauti yake hata kidogo, na shangazi hutokwa na machozi nikimuuliza. Ndiyo maana likizo hii niliamua kuitafuta, naye akakubali kunisindikiza.

Tulianza Busia mjini, kwa Nasir anayeuza filamu. Alicheka. Alisema aliwahi kuwa nayo akaifuta, kwa sababu wateja walilalamika kwamba ni watu wa suti wakibishana tu, hakuna ngumi hata moja. Hata hivyo alitueleza kwamba Malaba kuna DJ aitwaye Okedi ambaye bado huionyesha Jumapili, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka.

Basi jana, tulipotoka kanisani, tulikwenda. Banda la video lilikuwa limejaa. Okedi alikaa kando ya skrini na maiki yake, akitafsiri filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi. Hakimu alimwita Boss Wigi. Karani, alisema, hajala tangu juzi. Watu walicheka, nami nikacheka kidogo. Kisha mama akapanda kizimbani, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Midomo yake ilisogea, lakini niliyemsikia ni Okedi, amebana pua akiigiza mwanamke.

Filamu ilipokwisha nilimwendea, nikamweleza kwa heshima yule shahidi wa pili alikuwa nani. Akasema pole dada, lakini watu hulipa kumsikia yeye, si mahakama. Dereva mmoja wa Uganda, mzee Muzafaru, akamwambia aache maringo, azime maiki mtoto amsikie mama yake. Foleni yenyewe haijasogea tangu asubuhi, wanakimbilia wapi? Okedi akarudisha filamu nyuma. Waliokuwa wamesimama wakakaa tena.

Mama aliulizwa aliona nini. Akajibu kwamba aliwaona askari wakichoma ghala, na hata wakimuuliza mpaka jua lizame, jibu lake ni hilo.

Kaka, siku zote umeniambia sauti ya mama ilikuwa nyororo kama ya njiwa. Mimi umeniita mashine ya kusaga tangu darasa la kwanza. Sauti niliyoisikia Malaba ni nzito, ya kukwaruza. Shangazi hakuitazama skrini, alinitazama mimi. Ni mashine ya kusaga, kaka. Ni hii yangu.

Sikukasirika. Ulikuwa na miaka mitano alipotuacha. Nadhani nawe ulikuwa umeisahau, ukanitungia nyingine ili nisikose kabisa. Okedi ameahidi kwamba ukija Jumapili yoyote, zamu ya shahidi wa pili ikifika atanyamaza.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi hapo ufuoni. Nasi tunakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Sharlyne