Biira Gani

Jumatatu, 17 Machi
Mafaili tena. Umeme hakuna tangu asubuhi, ofisi joto kama chungu. Alhamisi kamati ya Bunge inakuja hapa Kasese kutuhoji sisi waendesha mashtaka juu ya kesi tulizoziondoa mahakamani. Yangu ni ile ya Mpondwe: mpagazi aliyepigwa nondo na mtoto wa tajiri wa malori, hatembei tena. Niliiondoa. Mji mzima unasema nimekula. Sijala kitu! Aliyeona ni mmoja tu, mama anayeuza chai pale mpakani mwa Kongo, na alinililia nisimtaje. Watu wa tajiri wanamtafuta. Hawamjui bado.

Jumatano, 19 Machi
Usingizi hakuna. Bosi kapiga simu kutoka Kampala: katiba inasema hatuamrishwi na mtu, usitetemeke. Yeye yuko Kampala, atakayesimama ni mimi. Na kusema kweli wabunge wana haki ya kuuliza. Kama naweza kuua kesi kwa kalamu tu, nani ataniuliza? Mama yake mpagazi naye atakuwepo.

Alhamisi, 20 Machi
Ukumbi ulijaa pomoni. Redio inarusha moja kwa moja. Nikaeleza: shahidi anaogopa. Mwenyekiti akataka jina. Nikaomba tuongee faragha. Akacheka, akasema rushwa hujificha hukohuko faraghani. Makofi. Watu wakaanza kupiga kelele, jina, jina! Mama yake mpagazi ananitazama tu. Hasira zikanipanda. Nikasema: Biira.

Kicheko ukumbi mzima. Mimi si Mkonzo, ni mtoto wa kambi ya mgodi, baba Mluhya wa Kenya, lakini hili nalijua tangu shuleni: kwa Wakonzo wa huku binti wa pili wa kila nyumba huitwa Biira, na muuza chai ni mmoja wao. Ukirusha jiwe sokoni Bwera, jirani na Mpondwe, linampata Biira. Hata mwenyekiti alicheka, akaendelea na swali lingine. Nimerudi nyumbani najiona mjanja. Nimejichinjia kuku.

Jumamosi, 22 Machi
Mjinga mimi. Mjinga kabisa! Jana watu wa tajiri walimwaga nyanya za Biira mmoja pale Bwera, wakampiga, wakamvunja mkono. Masikini, hajui lolote. Biira mwingine, mke wa fundi baiskeli, mumewe amemfungia ndani wasimwone. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimewatwika wanawake wa watu, mimi nikala kuku. Nikakimbilia polisi kuomba ulinzi. Afande akaniuliza: "Madamu, tulinde Biira gani?"

Jumapili, 23 Machi
Kanisani sikwenda. Naona aibu.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Muuza chai amekuja ofisini mwenyewe, sikumwita. Akakaa, akasema: "Ule mama amevunjwa mukono juu yangu. Andika jina yangu yote, na ya baba." Nikamwambia nitaomba mahakama imlinde, ila siwezi kumwapia kuwa hatadhurika. Akasema anajua. Nikaandika. Kesi narudisha. Kamati nitaiandikia kwamba lile jibu langu lilikuwa upumbavu, na kwamba swali kama lile haliulizwi redioni.

Akaweka alama ya kidole kwenye maelezo yake. Kisha akaniuliza mimi naitwa nani. Miezi yote hii aliniita Madamu tu, na mimi sikuwahi kumwambia. Nikamwambia, na la baba pia.