Siku Nelli Alipolazwa Akaamka

Uskochi, Jumapili alasiri

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba sasa unatembea hadi kisimani bila fimbo. Nilimshukuru Mungu, ingawa najua fimbo umeiacha kwa ukaidi tu. Mvua imenyesha huko Kisesa? Na pamba mmemuuzia nani safari hii, maana nasikia wanunuzi binafsi wanawafuata hadi mashambani na kila mmoja ana mzani wake. Mimi ni mzima. Ngozi ya mikono imepasuka kwa baridi, lakini nakula vizuri, na wiki hii nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Uliniuliza farasi wa huku ni wa kazi gani kama hawalimi wala hawaliwi. Wengine hushindana mbio, wengine hupandwa na watoto wa matajiri, na wengine hufugwa kwa kupendwa tu. Nelli ni wa kundi hilo la mwisho. Ni farasi jike wa kahawia, mzee kidogo, wa mjane mmoja anayeitwa Bi. Morag. Jumanne asubuhi aliletwa kwenye hospitali ya wanyama ninapojifunzia, akijibwaga chini na kugaagaa, jasho linamtiririka. Utumbo ulikuwa umejisokota. Ilibidi apasuliwe mara moja, na zamu ya kumlaza usingizi ilikuwa yangu, kwa mara ya kwanza bila mwalimu kusimama nyuma yangu.

Baba, kumlaza farasi si mchezo. Ukimchoma sindano anaanguka kama gunia. Anafungwa miguu, winchi inamwinua hadi kwenye meza yenye magodoro, kisha mpira unapitishwa kooni ili avute gesi ya usingizi kutoka kwenye mashine. Gesi ikizidi, moyo unalegea. Ikipungua, anaweza kuzinduka tumbo likiwa wazi. Na hatari nyingine iko mwishoni kabisa: farasi anayezinduka kwa hofu na maumivu hukurupuka kabla miguu haijapata nguvu, akaivunja, na mara nyingi ndio unakuwa mwisho wake.

Kwa hiyo nilimwomba daktari mkuu, ambaye ndiye angepasua, aniruhusu kuchanganya gesi na mofini kidogo, ile dawa kali ya maumivu. Hakupenda. Alisema ujanani aliona farasi aliyechomwa mofini akizunguka bandani kutwa nzima kama aliyepagawa. Tena dawa hiyo hulifanya tumbo lisinzie, na tumbo ndilo tulilotaka kulitibu. Hakuwa anatunga, mambo hayo hutokea. Nikamweleza kwamba yule pengine alipewa nyingi na hakuwa anaumwa, ilhali huyu wetu ana maumivu tele. Akasema tuanze na gesi peke yake, tutaona.

Tukaanza. Daktari alipoushika utumbo na kuuvuta nje, moyo wa Nelli ulienda mbio na jicho likaanza kuchezacheza. Presha yake ilikuwa chini tayari. Kuongeza gesi kungeishusha zaidi. Nilikukumbuka wewe siku ile dume letu jeusi lilipovunjika pembe, wanaume wamelikalia, nawe umelishika masikio ukiwaambia kwamba mnyama kutulia si kwamba haumwi.

Nikasema, "Daktari, amelala, lakini mwili wake unasikia kisu. Niruhusu."

Alilitazama lile jicho. Halafu akasema, "Mpe. Lakini kidogo."

Nilimchoma mshipani polepole. Mofini hupunguza pumzi pia, basi nikawa namsaidia kupumua kwa kuminya mfuko wa mashine kwa mikono. Baada ya muda jicho likatulia, moyo ukashuka taratibu, nami nikaweza kupunguza gesi badala ya kuiongeza. Utumbo uliokuwa umeanza kugeuka rangi mbaya ukanyooshwa, ukarudia uwekundu wake.

Tukamhamishia kwenye chumba chenye kuta za magodoro, mimi na daktari tukachungulia dirishani. Bi. Morag hakuthubutu kuangalia. Alikaa kwenye benchi nje, kofia mapajani. Nelli aliinua kichwa, akakirudisha. Akageuka akalalia kifua, akakaa hivyo akitega masikio, hata nikaona mimi ndiye nitakayekurupuka. Kisha akanyoosha miguu ya mbele, akajisukuma, akasimama mara moja tu. Aliyumba, akatulia. Nililia, wala sikuona haya.

Ila tumbo lilikuwa bado. Hadi kesho yake asubuhi hakuwa ametoa kitu, na daktari alikuwa akipita bandani bila kuniangalia. Niliweka sikio ubavuni kama unavyofanya wewe, nikasikia mngurumo kwa mbali. Nilikuwa namwekea maji aliponyanyua mkia. Baba, mavi yalianguka, mazuri, ya mviringo, yanatoa mvuke! Bi. Morag alinikumbatia nikiwa na ndoo mkononi, maji yakatumwagikia sote, tukazunguka pale kwenye majani makavu kama watu walio harusini. Wauguzi wakaja kutazama kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga.

Daktari mkuu naye alikuja. Alitazama chini, akamtazama Nelli, akavua miwani na kuifuta. Ana farasi wake mwenyewe wa kijivu, aliyemlea tangu azaliwe, ambaye anahitaji kupasuliwa goti, na kila mara amekuwa akiahirisha kwa kuogopa usingizi.

Akaniambia, "Wiki ijayo namleta wangu. Sitaki mtu mwingine amlaze."

Mpe Mama shikamoo yangu, na umsomee sehemu ya mavi polepole, maana najua atacheka. Nisalimie dada Nkwimba akirudi kutoka kiwanda cha samaki mjini, shangazi wa Magu, na mjomba mwalimu kule Buswelu. Wote waambie niko salama, na kwamba leo nimeruhusiwa kuringa.

Ni mimi binti yako,
Kabula